Mwaka Nilioziba Spika za Afande

Melkior alishuka kwenye pikipiki mbele ya kibanda changu hapa Base Camp, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mwezi uliopita, na kabla hata hajanisalimu sawasawa akazunguka nyuma ya spika zangu, akainama na kuingiza mkono kwenye tundu. Ilikuwa zaidi ya miaka ishirini tangu apelekwe kuishi nchi ya baridi. Wateja wawili waliokuwa wakipanga nami harusi ya binti yao walimkodolea macho kama mwizi, na mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu. Amekonda, nywele zimebaki pembeni tu, na alivaa koti ambalo Nakivale saa saba mchana ni adhabu, lakini mkono ulikuwa ule ule, mwembamba, wenye alama za kuunguzwa na kazi. "Naangalia kama umeziba," alisema. "Toka pale, fundi, utanifukuzia bateja," nikamjibu. Tukala bugali na sambaza kavu, vile vidagaa vya kwetu, chini ya turubai, tukataja waliokufa na waliopelekwa nje, na alipoondoka niliona heri niandike mambo ya mwaka ule mwenyewe kabla yeye hajaanza kuyasimulia kwa namna yake. Melkior ana huruma mno. Katika masimulizi yake mimi huwa sina kosa, na kosa ninalo.

Leo ninakodisha vyombo vya muziki kwa harusi, matanga na mikutano ya injili, na watu huniuliza mwanamke kama mimi nilijifunzia wapi kusikia kwamba spika moja inakoroma kabla mafundi hawajagundua. Nawaambia: Mbarara, kwenye sebule ya mtu, nikiwa na sinia ya chai mkononi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Melkior, Mrundi wa Gitega, alikuwa fundi wa redio mwenye kona yake mjini, na ndiye aliyenipeleka mtaa wa Ruharo kwa Afande Katungi, mwanajeshi mstaafu aliyefiwa na mke na aliyehitaji mtu wa kutunza nyumba. Nakumbuka tulivyosimama barazani, mimi na mfuko wangu wa nguo, naye amevua kofia. "Huyu ninamujua, Afande," alisema. "Akiharibu, uniulize mimi." Afande akanitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akasema, "Sawa. Lakini ile spika ndani, hapana pitisha maji. Kitambaa kavu tu. Unasikia?" Nilisema nasikia, ingawa sikujua anasema spika gani.

Nilizijua nilipoingia. Kwetu Kongo tunaita bafle, na bafle nilizozijua mimi ni zile za kanisani, nyeusi, zilizofungwa waya wa kuku, ambazo sifa yake ni kusikika hadi upande wa pili wa ziwa. Hizi zilikuwa za mbao ya kahawia, ndefu kunifikia kifuani, laini kama kabati la bibi harusi, na zilikuwa zimekaa peke yake ukutani bila kitu kingine chochote karibu, hata ua la plastiki. Nilitaka kuzifumia vitambaa juu, kama tunavyofanya kwa kila kitu chenye thamani, Afande akakataa kwa kichwa. Katikati ya sebule kulikuwa na kochi, meza ya kioo, zulia, na mashine yenye taa ndogo za kioo iliyopaswa kupashwa moto nusu saa kabla ya muziki. Mimi nilipika matoke, nikachemsha maziwa, nikafagia, na siku za kwanza nilidhani mzee huyu ana wazimu wa upole, maana angeweza kukaa saa nzima mbele ya sanduku mbili za mbao, mikono magotini, kama anayesikiliza hukumu.

Kila Jumapili baada ya ibada walikuja wenzake wawili, nao pia walikuwa na spika zao, na kazi yao ilikuwa kubishana. Mmoja alikuwa daktari wa meno, tulimwita Dokta, aliyekulia kambini kwa baba yake askari. Mwingine alikuwa Madamu Peninah, mwenye shule, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyegeuza chumba kizima nyumbani kwake kuwa sinema, spika mbele, spika nyuma, na moja kubwa ya besi pembeni. Walianza kwa Kinyankore na Kiingereza, lakini ubishi ukipanda walihamia Kiswahili cha kambi za jeshi, na hapo ndipo nami nilipochelewesha kutoa vikombe. "Yangu iko ndogo lakini nasema kweli," Dokta angesema. "Mwanamke akiimba, wewe najua kama alikunywa chai ama bado." Madamu angemcheka. "Kweli ya nini, sebo? Mimi nataka ndege ya vita ikipita, maziwa kwa kikombe itetemeke. Sinema bila besi ni kalenda." Na Afande angengoja wamalize, kisha aseme taratibu, "Nyinyi mulinunua kelele. Mimi nilinunua kunyamaza. Hii ikinyamaza, inanyamaza kabisa."

Nimewafikiria sana watu wale watatu, kwa sababu sasa mimi mwenyewe nina spika na nina maneno mengi juu yake. Mwenye kitu hiki hasikii spika peke yake. Anasikia pia uamuzi wake, anasikia jinsi alivyoisubiri, anasikia mke aliyenuna ilipoletwa. Dokta alizisifu zake kama mama anavyomsifu mtoto asiyeongea bado. Madamu hakuwahi kukubali kwamba chumba chake kilikuwa na mwangwi, ingawa hata mimi, siku niliyompelekea chombo alichokisahau kwetu, niliona askari wa kwenye filamu wakiongea kama wako ndani ya pipa. Afande pekee ndiye aliyezitaja kasoro za zake: zinachukua muda kupata joto, haziwapendi waimbaji waliorekodiwa ovyo, mvua ikinyesha sana zinakuwa nzito. Kwa hiyo mimi nilimwamini yeye. Hata leo mtu akija kwangu kuniuzia spika isiyo na dosari hata moja, ninamkaribisha soda na kumuaga.

Mwezi wa sita au wa saba mpira unaozunguka koni kubwa, ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti, ulikatika kwa uzee, spika zote mbili. Afande alikuwa anakwenda kwa ng'ombe wake kwa wiki mbili, akamwachia Melkior kazi ile. Melkior alikuja siku tatu mfululizo, akatandika shuka langu kuukuu sakafuni, akagandisha mpira mpya kwa subira ambayo sijaiona tena kwa fundi yeyote. Siku ya tatu alicheza sahani moja ya santuri, tukasikiliza wawili, yeye amekaa chini, mimi nimesimama mlangoni. "Mwambie Afande ziko tayari," akasema, akakunja shuka akaenda zake. Alikuwa na furaha iliyopita kiasi, kwa sababu Madamu Peninah alikuwa anajenga ukumbi mkubwa shuleni kwake na alikuwa amemwahidi kazi yote ya sauti. Kwa fundi mkimbizi, kazi ile ilikuwa mlango wa mji mzima.

Kesho yake nilimwona panya. Panya mdogo tu, alikimbia ukutani akapotelea nyuma ya spika ya kulia. Niliisukuma kidogo, nikamulika, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nyuma ya ile mbao nzuri kuna tundu, duara, kubwa kama mdomo wa kikombe. Na ya kushoto pia! Sasa nieleze vizuri. Nyumba yetu ya Rubondo, huku huku kambini, ilikuwa ya udongo, na kila Jumamosi kazi yangu ilikuwa kuizunguka na kuziba matundu, kwa sababu panya anapopita kwenda kwenye mahindi nyoka hupita nyuma yake. Ukiweka kitambaa juu juu, panya anakivuta. Lazima ukisindike ndani kabisa, kikaze, mtu akitazama asione hata uzi. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko wote upande wetu, na nilijivunia. Basi nilipiga sanduku mpaka panya akatoka, nikamuua kwa ndara, nikachana shati kuukuu na kipande cha kitenge cheusi, nikasindika kwa mpini wa mwiko, kulia na kushoto. Nilijiona nimemwokoa Afande. Nilimhurumia Melkior pia, fundi mzuri vile, kwa kusahau kuziba.

Jumapili Afande aliporudi, wageni walikuwa tayari na mimi nimepika matoke na nyama ya mbuzi. Aliweka sahani yake ya muziki anayoipenda, akarudi nyuma, akakaa. Niliuona uso wake ukishuka. Aliitoa sahani, akaweka nyingine. Dokta ndiye alianza: "Sasa besi imenyooka, Afande. Zamani ilikuwa nanona sana. Hii iko safi." Madamu akaweka uma chini. "Imenyooka wapi? Imekufa!" Wakabishana mpaka mchuzi ukaganda. Mwisho Afande akazima mashine mwenyewe. "Huyu Mrundi," alisema, "ameua spika yangu."

Melkior aliitwa siku iliyofuata. Hakukaribishwa ndani. Alisimama barazani na mfuko wake wa vyombo, akaomba afungue sanduku moja tu aone. "Hapana," Afande akasema. "Mkono yako imegusa ya kutosha." Nikampelekea maji ya kunywa kwenye ngazi. Alikunywa yote, akanirudishia kikombe. "Nilizisikia mwenyewe, Faida," alisema kwa sauti ya chini. "Na wewe ulisikia." Nikamwambia, "Nilisikia, fundi. Zilikuwa zinaimba muzuri." Hapo bado sikujua kitu, naapa. Lakini mji ule ulikuwa mdogo kwa watu wenye vyombo kama hivyo, na kabla ya wiki kwisha kila mmoja alishasikia kwamba mkimbizi ameharibu spika za Afande Katungi. Madamu akasema ukumbi wake atatafuta mtu wa Kampala.

Nilijua Jumapili iliyofuata. Nilikuwa naingia na chai, na Dokta alikuwa amesimama katikati ya sebule akifundisha kama mwalimu. "Hii si sanduku ya kufunga. Iko napumua kwa nyuma, kwa ile shimo. Besi natoka pale. Lakini kama mpira iko mbaya, shimo itasaidia nini?" Nikainamisha sinia, chai ikamwagika kwenye visahani. "Pole pole, Faida," Afande akasema bila kunitazama. Nikarudi jikoni, nikasimama mbele ya jiko. Nilikuwa nimeziziba pua, zote mbili, halafu mtu mwingine akashtakiwa kwamba ameziua.

Ningependa kuandika kwamba nilirudi sebuleni palepale. Sikurudi. Nilikaa kimya wiki tatu. Nilijiambia nikifukuzwa nitarudi Rubondo kupanga mstari wa unga, na Melkior ni fundi, atapata kazi kwingine. Nilimwomba Mungu alete fundi wa Kampala azitoe zile nguo na kusema ni hali ya hewa. Mungu hakuleta mtu. Melkior alifunga kona yake mjini na kurudi hapa Base Camp, akaketi sokoni akitengeneza tochi na redio ndogo za betri, na waliotoka huko walinieleza hivyo kama habari ya kawaida, hawakujua wananichoma. Nyumbani, Afande aliacha kucheza muziki. Alikula peke yake mezani na nilisikia meno yake yakitafuna, nyumba ilikuwa kimya namna hiyo. Nilimwonea huruma, nikamchukia kidogo pia, kwa sababu ni rahisi kumchukia mtu uliyemkosea.

Siku moja alipokwenda benki nilichukua uma mrefu wa kuchomea nyama, nikaisogeza spika ya kushoto. Kitambaa kilitoka kwa shida, kizima. Nilikibusu, ndiyo, nilikibusu kile kitambaa. Kisha nikaenda kwa ya kulia, nikachoma, nikavuta, uma ukateleza, nikasukuma tena, na nikasikia kitu kikianguka ndani ya sanduku: pu. Nilibaki nimepiga magoti na uma mkononi. Sasa spika moja ilikuwa nzima na nyingine ina nguo zangu tumboni, na katika dunia nzima niliyoijua kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuifungua bila kuiumiza.

Jumamosi niliomba ruhusa. Melkior alikuwa sokoni, amewasha ka-pasi kake ka kuunganishia waya, na hakuinua uso nilipofika. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: panya, shati, kitenge, mwiko, Dokta, uma. Aliendelea na kazi yake mpaka nikadhani hakusikia. "Wiki tano, Faida," alisema hatimaye. "Nilikuwa ninaangalia hii mikono yangu. Ninajiuliza imeanza kuniacha lini." Nikalia mbele ya wauza nyanya. Hakunibembeleza. Alizima pasi, akafuta vyombo kimoja kimoja, akavipanga kwenye mfuko. "Kesho tunaenda wote," akasema. "Mimi nitafungua. Lakini kusema, utasema wewe."

Tukafika Ruharo wageni wakiwa mezani, jambo ambalo nadhani Melkior alilipanga. Afande alipomwona alisimama. Nikatangulia mbele kabla hajafungua mdomo. "Afande, si fundi," nilisema. "Ni miye. Kulikuwa panya. Niliona tundu, nikaziba, sawa vile tunafanyaka kwetu. Fundi hakufanya mubaya hata kidogo. Nilijua iko miye, na nilinyamaza." Nikaongeza, maana nilikuwa nimeanza na sikuweza kujizuia, "Ya kushoto nimetoa. Ya kulia imeangukia ndani." Madamu Peninah alitoa sauti kama birika linalochemka, kisha akacheka, akashika meza, akacheka mpaka kilemba chake kikalegea. "Dokta!" alipiga kelele. "Besi imenyooka! Umesifu shati!" Dokta alitazama sahani yake na kukata kipande kidogo sana cha ndizi.

Afande hakucheka. Alimfanyia Melkior ishara kwa kidevu. Melkior akalaza spika juu ya zulia, akafungua skrubu nane, akanyanyua koni kwa viganja viwili, akaingiza mkono na kutoa shati langu na kitenge changu, vimeviringika vizuri kabisa, kazi safi hata kama ni mimi nasema. Afande akavichukua. "Uliweka siku gani?" Nikamwambia. Akahesabu kwa midomo. Kisha akatoka barazani na nguo zile, akasimama ametupa mgongo. Nilikuwa tayari naupanga mfuko wangu kichwani: sketi mbili, Biblia, ndara.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi nilikwenda kwa daktari ya masikio," alisema. "Mara mbili. Alisema masikio iko sawa kwa mzee kama mimi. Mimi sikuamini. Nilisema ananionea huruma." Akamgeukia Melkior, na sijawahi kumsikia mwanajeshi akiongea taratibu vile. "Nilijua wewe ni fundi mzuri. Lakini kama si wewe, basi ni masikio yangu. Ndiyo maana nilikataa ufungue. Niliogopa usikute kitu." Akapumua kama mtu aliyetua gunia. "Nimeharibu jina yako juu ya kuficha uoga yangu. Nisamehe, fundi." Melkior alikuwa bado amepiga magoti na bisibisi mkononi. Alisema tu, "Nimesikia, Afande." Afande akachukua simu, akawapigia palepale watu aliokuwa amewaambia, mmoja mmoja, sisi tukisikia, na kila mmoja akaambiwa maneno yale yale: fundi hana kosa, kosa ni ya nyumba yangu. Madamu hakuhitaji kupigiwa. "Jumatatu uje shule," alimwambia Melkior akifuta machozi ya kicheko. "Na huyu msichana asikaribie ukumbi."

Koni ikarudishwa, skrubu zikafungwa, mashine ikapashwa moto, nami nikakimbilia jikoni kubandika maji ya chai, nikarudi. Kulikuwa na kiti kimoja cha mkono kilichowekwa kati kwa kati ya spika mbili, pale sauti zote zinapokutana, na hakuna mtu aliyewahi kukikalia isipokuwa mwenye nyumba. Afande alimshika Melkior kiwiko, akamkalisha pale na mfuko wake wa vyombo mapajani, yeye mwenyewe akasimama ukutani. Aliweka sahani. Dokta alifungua kinywa, Afande akainua kidole, Dokta akakifunga. Ilikuwa rumba ya zamani, ya magitaa, na besi ilipoingia niliihisi kwenye nyayo. Melkior alifumba macho. Wimbo ulipokwisha na ule ukimya aliokuwa akiusifu Afande ukatulia sebuleni, Afande aliuliza, "Fundi, iko sawa?" Melkior alifumbua macho. "Iko sawa, Afande," alisema. "Zote mbili."

Mimi sikufukuzwa. Nilirudi jikoni nikakuta maji ya chai yamekauka yote na sufuria imeungua chini, nyeusi tii, nyumba nzima inanuka. Nikaketi sakafuni na ile sufuria mapajani, nikacheka mpaka nikalia.